Ramani mbili za ubongo hazikubaliani kabla ya upasuaji: tuifuate ipi?

Dada_wa_Fundi aliandika:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaomba maelezo kwa wenye ujuzi wa upasuaji wa ubongo, kwa kuwa muda tunaoupata na daktari kliniki ni mfupi na maswali mengi hutujia tukiwa tumekwisha kutoka mlangoni.

Mdogo wangu ana umri wa miaka 34 na kazi yake ni ushonaji. Miezi mitano iliyopita alikuwa amekishika kitambaa chini ya sindano ya cherehani, mara kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kucheza chenyewe. Mchezo huo ulipanda hadi kiganjani, ukafika kwenye kiwiko, kisha pembe ya mdomo wa upande huohuo ikavutwa, na muda wote huo alikuwa na fahamu zake kamili akitutazama bila kuweza kuuzuia. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe katika nusu ya kulia ya ubongo, mbele kidogo ya sehemu inayoamrisha mkono. Madaktari wanadhani kuwa ni glioma, yaani uvimbe unaotokana na seli zinazozisaidia neva za ubongo, na kwamba inakua polepole, na upasuaji umepangwa baada ya wiki tatu.

Amekwisha kufanyiwa vipimo viwili vya kuchora ramani ya maeneo ya mwendo. Cha kwanza ni MRI ya utendaji, ambapo alilala ndani ya mashine akikunja na kukunjua vidole kila alipoelekezwa. Cha pili ni cha sumaku iliyowekwa juu ya kichwa, ikipiga mlio mkavu na vidole vyake vikishtuka. Kinachotusumbua ni kwamba majibu hayafanani. MRI ya utendaji imeweka alama ya mkono nyuma ya uvimbe, na kati ya alama hiyo na uvimbe kuna nafasi ya kutosha. Ramani ya sumaku imeweka alama za mkono karibu zaidi, mbili kati yake zikiwa ukingoni kabisa mwa uvimbe. Tuamini kipimo kipi? Kwa nini eneo la mkono lisitazamwe tu katika vitabu, ikiwa binadamu wote tuna ubongo wa namna moja? Na je, baada ya vipimo vyote hivi, daktari atapima tena akishafungua fuvu, au ramani hizi zinatosha?

---

Mpima_Neva alijibu:

Pole sana, dada, na mpe pole mdogo wako. Kazi yangu ni kufanya hicho kipimo cha sumaku, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu, nikikumbusha kwamba sijaziona picha zake na kwamba neno la mwisho ni la daktari wake.

Nianze na swali la vitabu. Ni kweli kwamba eneo la mwendo liko kwenye mkunjo ulio mbele tu ya mfereji wa kati wa ubongo, na kwamba mpangilio wake unajulikana: mguu uko juu, karibu na mstari unaotenganisha nusu mbili za ubongo, mkono uko katikati ya mteremko, na uso uko chini. Shambulio ulilolieleza, lililotoka kwenye kidole gumba likapanda hadi kwenye mdomo, linafuata mpangilio huohuo. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson, katika karne ya 19, alitambua kutokana na mashambulio ya namna hii kwamba lazima ubongo una mahali maalumu pa kila kiungo, na alifikia hapo kwa kuwatazama wagonjwa tu. Mwaka 1870 Fritsch na Hitzig wakathibitisha kwa kupitisha umeme kwenye ubongo wa mbwa, na mwaka 1937 Penfield na Boldrey wakachapisha ramani waliyoipata kwa kugusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji.

Hata hivyo, yule mtu mdogo anayechorwa vitabuni akiwa na midomo mikubwa na dole gumba nene ni muhtasari wa watu wengi. Kwa mtu mmoja mmoja maeneo hupishana, na mipaka haikukatwa kwa rula. Kwa mtu mzima mwenye afya eneo la mkono hutambulika hata kwa macho katika picha ya MRI, kwa sababu mkunjo wake hufanya umbo linalofanana na herufi ya Kigiriki omega iliyopinduliwa. Lakini uvimbe husukuma mikunjo, huibana na kuifuta alama hiyo. Tena glioma inayokua polepole huupa ubongo muda wa kujipanga upya, kiasi kwamba kazi huweza kuhamia pembeni, au kubaki ndani ya uvimbe wenyewe kwa kuwa seli zake hupenya katikati ya seli zinazoendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kitabu kinamwonyesha daktari mahali pa kuanzia kutafuta, lakini hakijui mkono wa mdogo wako uko wapi leo.

Sasa tofauti ya vipimo. Havikuuliza swali moja, ndiyo maana havikutoa jibu moja. MRI ya utendaji haipimi umeme wa neva; hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu, ambayo huja sekunde kadhaa baada ya neva kufanya kazi. Mtu anapokunja vidole, sehemu nyingi za ubongo huongezewa damu: inayoamrisha, inayopanga, na pia ile ya nyuma ya mfereji wa kati inayopokea hisia za ngozi na viungo, kwa kuwa vidole vikitembea huhisiwa vinatembea. Zote huwaka pamoja katika picha. Kipimo hicho kinajibu swali hili: ni sehemu zipi zinazoshiriki?

Kipimo cha sumaku huanzia upande mwingine. Kwanza tunaipakia MRI ya mgonjwa kwenye kompyuta, na kamera huoanisha kichwa chake na picha hiyo ili tuuone mkunjo tunaoulenga. Tunabandika elektrodi, yaani vipande vidogo vya kusomea umeme, kwenye misuli, aghalabu ule wa chini ya kidole gumba na ule ulio kati ya gumba na kidole cha shahada, na kwa mguu ule wa mbele ya muundi. Koili yenye umbo la namba nane hutoa pigo fupi la sumaku linalopita kwenye fuvu bila maumivu na kuzalisha umeme ndani ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu. Pigo likigusa mahali penye amri ya mkono, takriban sehemu ishirini na kitu kati ya elfu moja za sekunde baadaye mstari ulionyooka kwenye skrini huinuka na kushuka, na mgonjwa huona kidole chake kimeruka ilhali hakukiambia kiruke. Anakuwa amelegea kabisa, hafanyi lolote. Kipimo hiki kinajibu swali tofauti: ni wapi ambapo amri ikitolewa, msuli hutii?

Nguvu ya pigo haibuniwi. Tunatafuta kwanza kiwango kidogo kabisa ambacho, katika mapigo 10, angalau 5 hutoa jibu linalofikia mikrovolti 50, kisha tunaongeza kidogo na kuitembeza koili juu ya mkunjo mzima, hatua kwa hatua, hadi majibu yanapokoma pande zote. Alama zisizojibu nazo huhifadhiwa, maana ndizo zinazochora mpaka. Mwombeni daktari awaonyeshe hizo pia, siyo zile zilizojibu peke yake.

Kwa hali uliyoieleza, ningeitilia maanani zaidi ramani ya sumaku kuhusu ukingo wa uvimbe. Alama ya MRI iliyoangukia nyuma yaelekea imechanganya hisia na mwendo. Vilevile, jirani na glioma mishipa ya damu huweza kushindwa kuitikia kama kawaida, na eneo linalofanya kazi vizuri likaonekana kimya. Ukimya wa namna hiyo ndani ya picha si ruhusa ya kukata.

---

Daktari_Mkazi alijibu:

Ninamuunga mkono aliyetangulia. Niko katika mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa ubongo, na nitaongeza mambo yanayotokea baada ya fuvu kufunguliwa, kwa sababu jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo: uvimbe ukiwa mahali pa namna hiyo, upimaji hurudiwa kwenye ubongo wenyewe.

Sababu ya kwanza ni kwamba ubongo husogea. Ramani zote za kabla zilichorwa fuvu likiwa limefungwa. Utando mgumu ukishakatwa na maji ya ubongo yakatoka, ubongo hutulia chini au huvimba juu, na sehemu ya uvimbe ikishatolewa, kuta za shimo huingia ndani. Kompyuta inayoongoza upasuaji haijui hayo. Inaendelea kuonyesha picha ya jana. Ikisema kwamba ncha ya chombo iko mbali na eneo la mkono, huenda umbali huo haupo tena.

Sababu ya pili ni kwamba hatari kubwa mara nyingi haiko juu ya gamba, iko chini yake. Amri zikitoka kwenye mkunjo wa mwendo hushuka kwa kifungu cha nyuzi hadi kwenye uti wa mgongo. Gamba la ubongo lina nafasi fulani ya kufidia. Kifungu kile kikikatwa, hakuna njia nyingine ya kupitisha amri zake, na mkono hupooza hata kama ramani ya juu haikuguswa. Aina nyingine ya MRI, inayofuatilia jinsi maji yanavyotiririka kando ya nyuzi, huweza kuchora kifungu hicho, na huchora vizuri zaidi ikianzishiwa kwenye alama zilizopatikana kwa sumaku. Ulizeni kama wameichora. Ila nayo ni makadirio ya kompyuta, na mahali palipovimba kwa maji huweza kuzikosa nyuzi zilizopo.

Katika chumba cha upasuaji daktari hugusa gamba kwa ncha ya elektrodi yenye umeme wa miliampia chache, huku misuli ya mkono, mguu na uso ikisomwa. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hujiepusha na dawa za kulegeza misuli katika hatua hiyo, maana msuli uliolegezwa hautajibu hata ubongo ukiamrisha. Maji baridi yaliyosafishwa huwekwa tayari pembeni, kwa sababu umeme huo huweza kuamsha kifafa palepale, na kumwagia maji hayo sehemu iliyochochewa hukizima mara nyingi kabla hakijaenea. Daktari akiingia ndani zaidi, hupunguza umeme kadiri anavyokaribia nyuzi. Wengi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba miliampia 1 inalingana na takriban milimita 1 ya umbali: msuli ukijibu kwa miliampia 10 bado una nafasi, ukijibu kwa 3 unatakiwa kuwaza sana kabla ya kuendelea. Ni makadirio tu, siyo sheria ya maumbile, lakini nimemwona mwalimu wangu akiweka chombo chini kwa sababu ya namba hiyo, na uvimbe kidogo ukaachwa kwa makusudi.

Mnaweza kujiuliza kama upimaji huu unamzuia daktari kuutoa uvimbe wa kutosha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 na De Witt Hamer na wenzake, uliojumlisha wagonjwa 8,091 wa glioma, ulikuta kwamba udhaifu mkubwa wa kudumu ulitokea kwa asilimia 3.4 pale umeme ulipotumika kupima wakati wa upasuaji, na kwa asilimia 8.2 pale usipotumika. Tena uvimbe ulitolewa wote kwa asilimia 75 dhidi ya 58. Anayejua mpaka uliko anaweza kuusogelea bila kubahatisha, ilhali asiyeujua husimama mbali kwa hofu au huuvuka bila kujua.

Kuhusu kuwa macho: kwa mwendo wa kawaida wa mkono, kupima huwezekana mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Kuamshwa hupendelewa zaidi uvimbe unapokuwa karibu na maeneo ya lugha, au pale kinachotakiwa kulindwa ni ustadi na siyo nguvu peke yake. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ngozi na utando ndivyo hutiwa ganzi. Mdogo wako ni mshonaji. Daktari aambiwe waziwazi kwamba mkono wa kushoto ndio unaokiongoza kitambaa, kwa kuwa msuli unaoruka kwa umeme hauthibitishi kwamba kidole kitaweza kuelekeza pindo. Hilo halitaandikwa kwenye ripoti msipolisema nyinyi.

---

Aliyepona_Taratibu alijibu:

Dada, mimi si mtaalamu. Nilifanyiwa upasuaji miaka sita iliyopita, na ninaandika kwa sababu ya jambo moja ambalo familia yangu haikuambiwa mapema.

Uvimbe wangu ulikuwa upande wa kushoto, juu, karibu na mstari wa katikati, mbele ya eneo la mguu. Niliingia chumba cha upasuaji nikitembea. Nilipoamka, mkono na mguu wa kulia havikusogea, na maneno hayakutoka ingawa nilielewa kila nilichoambiwa. Mke wangu aliamini kwamba ramani zote zilikuwa bure na kwamba nimepooza moja kwa moja. Alikaa na imani hiyo siku tatu, hadi muuguzi mmoja alipomweleza kwamba eneo lililotolewa ni lile la kuanzisha mwendo, na kwamba hali kama yangu hujulikana na kwa kawaida hurudi. Siku ya tisa kidole cha kati kilisogea. Wiki ya sita nilikuwa ninakula kwa mkono wangu mwenyewe. Kinachobaki hadi leo ni uzito fulani mikono miwili inapotakiwa kufanya mambo tofauti kwa wakati mmoja, kama kufunga kamba za viatu.

Simlaumu daktari kwa upasuaji, aliufanya vizuri. Ninasikitika kwa zile siku tatu. Ulizeni kabla: katika ramani hizi, kuna eneo lolote mtakalolitoa mkijua kwamba mkono utalala kwa muda? Na mtatofautisha vipi mkono uliolala na mkono uliopotea?

---

Daktari_Mkazi alijibu:

Ndugu, pole kwa uliyopitia, na swali lako la mwisho lina jibu. Wakati wote wa upasuaji tunaweza kupeleka umeme mfupi kwenye gamba la mwendo na kusoma jibu la misuli kila baada ya muda mfupi. Majibu hayo yakiwa mazima hadi mwisho, halafu mgonjwa akaamka hawezi kusogea, njia ya amri ipo na tunatarajia mwendo urudi. Yakipotea na yasirudi, tunakuwa na wasiwasi wa kweli. Familia ina haki ya kuelezwa matokeo hayo siku hiyohiyo. Uvimbe wa mdogo wa dada uko pembeni zaidi kuliko wako, lakini kwa kuwa uko mbele ya mkunjo wa mwendo, swali hilo linamhusu.

---

Dada_wa_Fundi alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimeisoma mada hii pamoja na mdogo wangu, naye amesema kwamba kwa mara ya kwanza anaelewa kwa nini alipimwa mara mbili. Nina moja zaidi. Kwenye ripoti ya sumaku, mstari wa mguu wa kushoto umeandikwa kwamba jibu halikupatikana. Anatembea vizuri bila kuchechemea. Je, hiyo ina maana kwamba uvimbe umekwisha kugusa eneo la mguu? Tumeambiwa kwamba kipimo kinaweza kurudiwa wiki ijayo.

---

Mpima_Neva alijibu:

Hapana, haina maana hiyo peke yake. Eneo la mguu limejificha kwenye ukuta wa ndani, katika ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo, na pigo la sumaku hudhoofika haraka kadiri linavyokwenda mbali na koili. Kwa watu wasio na ugonjwa wowote nimewahi kulikosa jibu la mguu kwa nguvu ambayo mkono ungeruka bila shida. Kipimo kikirudiwa, mwombeni mpimaji aongeze nguvu, ageuze mwelekeo wa koili, na wakati wa kupima mguu mdogo wako ainue unyayo kidogo sana kuelekea juu, kisigino kikiwa mahali pake. Msuli ulioanza kukaza hujibu kwa pigo dogo zaidi kuliko uliolegea. Jibu lililopatikana kwa njia hiyo liandikwe wazi kwamba msuli ulikuwa umekazwa, ili lisilinganishwe na yale ya mkono.

Dawa zake za kifafa asiziruke asubuhi hiyo, na azinywe kwa saa zilezile alizozinywa siku ya kipimo cha kwanza; usiku wa kuamkia kipimo alale vya kutosha. Dawa na usingizi hubadilisha kiwango cha nguvu tunachokipata, na kukosa usingizi humkaribisha kwenye shambulio. Kama ana chuma chochote kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, mpimaji aambiwe kabla hajaiwasha mashine, hata kama alikwisha kuulizwa mara ya kwanza. Aombe pia vizibo vya masikio, kwa sababu safari hii mapigo yatakuwa na nguvu zaidi na mlio wake utakuwa mkubwa.